Scorn: Hofu Iliyoishia Machoni

Mpwa wangu alikuwa amekaa nyuma yangu, magoti kifuani, shuka limemfika kidevuni ingawa Dar es Salaam usiku ule haikuwa na baridi hata chembe. Kila nilipokaribia kona alininong'oneza, "Mjomba, usiingie humo." Nami nikaingia, kwa sababu nilikuwa nimeshakufa mahali pale mara nne. Nilijua nyuma ya kona wapo wawili, nilijua yupi atatangulia kutema ute wake, na nilijua nina muda wa kuchoma mara mbili kabla chombo nilichoshika hakijahitaji kupumzika. Yeye alikuwa anaogopa. Mimi nilikuwa nahesabu.

Tulikuwa chumba kimoja, mbele ya kioo kimoja, tunasikia sauti zilezile. Kijana yule yuko chuo kikuu na ametazama filamu za kutisha nyingi kuliko mimi, kwa hiyo siwezi kusema ni woga wa utoto. Tofauti pekee ilikuwa kwamba pedi ya kuchezea nilikuwa nayo mimi. Nimelifikiria jambo hilo tangu usiku ule, na ndilo linalonifanya niandike kuhusu mchezo ninaoupenda na ambao umeniumiza.

Mchezo wenyewe ni Scorn, kazi ya Ebb Software, kampuni ndogo ya Belgrade, Serbia. Ulitoka tarehe 14 Oktoba 2022 kwa kompyuta na Xbox Series X na S, na mwaka uliofuata ukafika kwenye PlayStation 5. Ulikawia sana kuzaliwa. Mchango wa hadhara walioitisha mwaka 2014 haukutimia. Wa pili, mwaka 2017, ukafanikiwa. Watu hawa hawakufanya kazi kwa pupa, na ukiingia ndani ya mchezo unaiona miaka hiyo kwenye kila ukuta.

Unaamka ukiwa kiumbe mwenye umbo la mtu, asiye na ngozi, katikati ya mishipa iliyokuzonga. Hakuna anayekueleza jina lako. Katika mchezo mzima hakuna neno hata moja linalosemwa, hakuna barua ya kusoma, hakuna ramani, hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Mbele yako kuna majumba makubwa ambayo huwezi kuamua kama yalijengwa au yaliota. Nguzo ni mifupa ya mapaja. Dari ina mbavu. Milango inafunguka kama msuli unaolegea, na ili uifungue unachomeka mkono ndani ya shimo lenye unyevu, kwa sababu ufunguo umepandikizwa kwenye kifundo cha mkono wako na mashine ambayo haikuuliza. Muziki wa Aethek na Lustmord hauna wimbo wa kushika. Ni mngurumo wa chini unaokuja na kuondoka kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili.

Mizizi ya mandhari haya inajulikana. Ni wachoraji wawili. Wa kwanza ni H.R. Giger wa Uswisi, aliyefariki mwaka 2014, aliyechora mwili na mashine vikiwa vimeingiliana hata usijue nyama inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ndiye aliyebuni kiumbe wa filamu ya Alien ya mwaka 1979, na akawa miongoni mwa walioshinda Oscar kwa kazi hiyo. Wa pili ni Zdzisław Beksiński wa Poland, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuwa mchoraji, na aliyeuawa nyumbani kwake Warsaw mwaka 2005. Beksiński hakuwa akizipa picha zake majina, maana hakutaka kumwambia mtazamaji aone nini. Naamini waundaji wa Scorn walimwelewa zaidi yeye kuliko Giger. Maumbo waliyachukua kwa Giger, lakini ukimya ni wa Beksiński: ule uamuzi wa kukuacha peke yako mbele ya kitu kikubwa bila hata neno la kushika.

Kwa saa ya kwanza, uamuzi huo unafanya kazi kikamilifu. Kuna fumbo la mwanzoni ambalo nalihesabu kati ya mambo bora yaliyofanywa na michezo ya kutisha kwa miaka kumi iliyopita. Unakuta ukuta mrefu uliojaa vifuko kama mayai, vimepangwa kwenye reli. Unasogeza reli, unapanga, unarudia, kazi ya kawaida ya akili, mpaka yai unalotaka linafika kwenye kucha ya mashine na kuondolewa. Ndani yake kuna kiumbe hai. Kimelemaa, kinagugumia, kinanyoosha mkono. Unakitia kwenye toroli na kukisukuma. Kisha unagundua kwamba mlango wa kutokea unataka mikono miwili kwa wakati mmoja, mahali pawili tofauti, na kwamba kiumbe yule umemtoa kwa sababu ya mkono wake. Unaweza kumpeleka kwenye mashine itakayommaliza na ukachukua mkono huo. Au unaweza kumwacha hai, ukamwongoza mpaka mlangoni, ukauingiza mkono wake kwenye tundu na kumwacha amenaswa pale wewe ukipita.

Mchezo haukuelezi lolote kuhusu hayo. Haukupi alama za wema wala za ubaya. Lakini fumbo ulilitatua wewe, na kila ulipobonyeza ulikuwa unafurahia kuona vipande vinakaa sawa, hadi ulipotambua ulikuwa unapanga nini. Ule ubaridi unaopita mgongoni filamu haiwezi kuuleta kwa namna hii, maana kwenye filamu anayesukuma toroli ni mtu mwingine.

Sasa nifike penye maumivu.

Baada ya sehemu ya mwanzo, Scorn inakupa silaha. Ya kwanza ni chombo cha kuchomea kinachopiga mara mbili kisha lazima kijivute upya. Baadaye unapata bastola, halafu bunduki ya marisau, zote zikipachikwa kwenye mpini uleule kama vichwa vinavyobadilishwa juu ya shingo moja. Kuzitazama ni raha. Kila risasi inaingia kwa mwendo wa taratibu, kama mnyama anayemeza. Tatizo ni kwamba mwendo huo wa taratibu unatokea wakati kiumbe anakutemea ute mita tatu mbele yako, wewe unageuka polepole, njia ni nyembamba, na huna pa kukwepea. Wapo viumbe unaoweza kuwasubiri wapite na kujiondokea, na mchezo unatamani ufanye hivyo. Lakini korido nyingi hazikupi nafasi hiyo. Anayesimama njiani atabaki njiani mpaka mmoja wenu afe.

Na unapokufa, mchezo ulipotoka, ulikuwa unarudishwa nyuma sana. Vituo vya kuhifadhi mchezo vilikuwa vichache na haviko mahali vinapohitajika. Unatembea tena njia ileile, unajaza tena risasi kwenye ukuta uleule, unasubiri tena lifti ileile ishuke. Kifo changu cha kwanza kilinishtua kweli, hata nilisogeza kiti nyuma. Kufikia cha nne nilikuwa nimeokota simu nikisoma ujumbe huku mchezo ukipakia.

Mara nyingi husemwa juu ya michezo ya namna hii kwamba mandhari ni mazuri, uchezaji ni dhaifu, basi toa alama saba kwa kumi na uendelee. Kana kwamba ni mizani yenye sahani mbili, na uzito wa hii unafidia wepesi wa ile. Mimi sikubaliani na hesabu hiyo kwa mchezo wa kutisha. Kwenye mbio za magari uchezaji ukiwa mbaya, mandhari ya milima yatabaki mazuri. Kwenye hofu, uchezaji mbaya unaila mandhari yenyewe. Ukuta ule wa mbavu nilioutazama saa ya kwanza nikiwa nimeshika pumzi, saa ya nne nilikuwa nauona kama ukuta tu: unapita kushoto, unakwepa, unajaza. Hakuna aliyeubadilisha. Nilibadilika mimi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshagundua kwamba hapa panatakiwa kurudia tu, na mikono ikishagundua hivyo inaliambia jicho liache kuhangaika.

Hofu inahitaji uwe na kitu cha kupoteza na usijue utakipoteza lini. Fikiria bao. Bao halina mandhari yoyote: ubao, mashimo 32, kete 64. Hakuna muziki, hakuna giza. Lakini simama kando ya wachezaji wakati nyumba ya mmoja iko karibu kuliwa, uone jinsi watu wanavyonyamaza. Wanaojua mchezo wanajua nini kinakwenda kupotea, na ujuzi huo peke yake unatosha kuwakausha koo. Scorn imefanya kinyume. Imenipa kila kitu cha kuogofya jicho na sikio, kisha ikanihakikishia kwamba sitapoteza chochote isipokuwa dakika kumi.

Wapo watakaosema udhaifu huu ni wa makusudi, na hoja yao ina historia. Silent Hill ya Konami, iliyotoka mwaka 1999, ilimweka mbele yetu Harry Mason, baba wa kawaida anayemtafuta binti yake. Analenga vibaya, anahema akikimbia, anapiga bomba la chuma kama mtu ambaye hajawahi kupigana. Ukungu maarufu wa mji anamomtafuta ulitumika kuficha udogo wa uwezo wa PlayStation, ambayo haikuweza kuchora barabara ndefu, na upungufu huo ukageuka kuwa hofu yenyewe. Resident Evil ya mwaka 1996 nayo ilikuwa na kamera zisizosogea na mwendo mgumu, na ili kuhifadhi mchezo ulihitaji utepe wa wino wa taipureta ambao haukuwa mwingi. Kwa hiyo, wanasema, ukakasi ni mila ya fani hii.

Naikubali mila hiyo, lakini tuitazame vizuri. Harry ni mzito, ila barabara ni pana na mara nyingi unaweza kukimbia. Redio yake ndogo inakwaruza kabla kiumbe hajaonekana, nawe kwa sekunde kadhaa unajua kuna kitu na hujui kiko upande gani, na ndani ya sekunde hizo unaamua: nipigane, nizime taa, nirudi? Utepe wa wino unakulazimisha kujiuliza kama saa iliyopita inastahili kuhifadhiwa. Udhaifu ni wa mhusika, lakini mchezo unaomzunguka umefikiriwa kwa makini sana, na kila kasoro yake inamrudishia mchezaji swali la kujibu. Kwenye korido za Scorn swali ni moja na jibu lake ni lilelile. Mhusika ni dhaifu, sawa, ndiyo hadithi yake. Lakini na mchezo pia ni dhaifu, na hayo ni mambo mawili.

Ukitaka kuona suala hili limepimwa karibu kama kwenye maabara, ziangalie Amnesia mbili. Ya kwanza, The Dark Descent, ilitolewa mwaka 2010 na Frictional Games wa Sweden. Mhusika wake, Daniel, yuko ndani ya ngome ya Brennenburg, mwaka 1839, bila silaha yoyote. Ana taa inayokula mafuta na viberiti vya kuhesabika. Akikaa gizani akili yake inaanza kuyumba. Akiwasha taa anaonekana. Giza linamficha na giza linamwangamiza. Kwa hiyo kila chumba chenye kivuli kinakuwa biashara ngumu unayoifanya na wewe mwenyewe: nitumie mafuta haya sasa au niyatunze? Kuna sehemu yenye maji ambamo kiumbe haonekani kabisa. Unaona tu maji yakirushwa na hatua zake, nawe unaruka kutoka sanduku hadi sanduku. Kwenye kioo hakuna mnyama wa kutazama, na bado watu wengi waliocheza mwaka ule wanalikumbuka eneo hilo kuliko kiumbe chochote chenye meno.

Miaka mitatu baadaye ikaja A Machine for Pigs, iliyotengenezwa na The Chinese Room wa Uingereza. London, mkesha wa mwaka 1900, tajiri mwenye kiwanda cha nyama anawatafuta watoto wake chini ya jiji. Maandishi ya Dan Pinchbeck ni mazito kuliko ya mchezo wa kwanza, na muziki wa Jessica Curry ni mzuri hadi unauma. Lakini mafuta yaliondolewa, ikaja taa ya umeme isiyoisha. Kipimo cha akili kiliondolewa. Mfuko wa vitu uliondolewa. Nilimaliza mchezo ule nikiwa nimeguswa na hadithi yake, na sikumbuki mahali hata pamoja ambapo mikono ilinitoka jasho. Jina ni moja, na giza bado lipo. Kilichoondoka ni gharama ya giza.

Lakini ulinganisho unaonichoma zaidi ni ule wa Alien: Isolation ya mwaka 2014, kwa sababu nayo ni mtoto wa Giger. Creative Assembly wa Uingereza walimchukua kiumbe yuleyule wa mwaka 1979 na kumwachia ndani ya kituo cha angani kiitwacho Sevastopol. Huwezi kumuua. Nyuma ya kiumbe huyo waliweka akili mbili. Moja inajua daima mchezaji yuko wapi, nayo humdokezea kiumbe aelekee eneo fulani au ajiondoe kwa muda, ili hofu ipande na kushuka. Nyingine ni ya kiumbe mwenyewe, na hiyo haijui ulipo; inabidi akuone au akusikie. Matokeo yake ni kwamba anakuwa karibu nawe kila mara bila kuwa na uhakika, na wewe vilevile.

Mkononi una kifaa cha kugundua mwendo. Ukikiinua kukisoma, dunia nyuma yake inafifia, na mlio wake ukizidi kiumbe anausikia. Kujua kunakugharimu. Kuhifadhi mchezo nako ni kusimama mbele ya kisanduku cha ukutani, kuingiza kadi na kusubiri taa ziwake moja baada ya moja, mgongo ukiwa wazi. Nimewahi kusimama pale nikiwa nimebana meno kwa sekunde zisizozidi tano. Mchezo huo nao una kosa lake, ni mrefu kupita kiasi, na saa za mwisho unaanza kumchoka hata kiumbe yule. Lakini unachoka kama anavyochoka mtu aliyekimbizwa. Scorn ilinichosha kama foleni inavyochosha.

Urefu nao una sehemu yake. Mwaka 2014 ilitoka bure kwenye PlayStation 4 kazi fupi iitwayo P.T., ya Hideo Kojima: korido moja yenye kona moja, unaipita na kujikuta mwanzoni tena, na tena. Ndani yake hakuna cha kufanya zaidi ya kutembea na kutazama, na ni miongoni mwa vitu vya kutisha kuliko vyote nilivyowahi kugusa. Mandhari peke yake yanaweza kuubeba mchezo, basi, kama mzigo ni wa saa moja. Scorn inataka kubebwa saa sita hivi.

Narudi kwa mpwa wangu na shuka lake. Watu wengi sasa wanakutana na michezo ya kutisha hivyo alivyokutana nayo yeye, kwa kumtazama mwingine akicheza kwenye YouTube au sebuleni. Kwa mtazamaji, Scorn ni kazi kubwa isiyo na dosari. Vifo vinakatwa, marudio yanarukwa, na kinachobaki ni safari ndani ya akili ya Beksiński. Sioni ubaya wa kuifurahia namna hiyo. Ninachokataa ni kusema kwamba huo ndio mchezo. Waundaji wake waliweka pedi mikononi mwa mtu, na mtu huyo ndiye waliyemwacha bila hofu, yeye peke yake katika chumba kizima.

Laiti ningeulizwa, ningeondoa bunduki zote. Ningebaki na ule ufunguo uliopandikizwa kifundoni, nikaufuata mpaka mwisho: kila mlango uchukue kitu kwenye mwili, kidole, kasi ya kutembea, upande mmoja wa kuona, na mchezaji achague kipi kiende. Ningebaki na mafumbo yanayoomba viumbe hai kama vipuri. Vitu hivyo vyote tayari vimo ndani ya Scorn kama mbegu. Vilipandwa saa ya kwanza kisha vikaachwa ili tukafyatue marisau. Ndiyo maana nasema umeniumiza. Mchezo mbovu tangu mwanzo haumuumizi mtu.

Jioni iliyofuata mpwa wangu aliomba acheze mwenyewe, kuanzia mwanzo. Nilikaa nyuma yake na sikumwambia chochote. Alipanga mayai yake kwenye reli, akakosea, akacheka, akapanga tena. Kucha ikashuka, yai likatoka, akasukuma toroli huku akiuliza kama anaelekea sahihi. Ndipo akaufikia mlango unaotaka mikono miwili. Alisimama pale kwa muda. Alirudi kuitazama mashine, akarudi mlangoni, akamtazama kiumbe. Kisha akaiweka pedi juu ya mkeka, akageuka.

"Mjomba, hakuna njia nyingine?"